Kitabu Kilichokosea

Mwanafunzi mmoja hapa Garissa aliniuliza kwa nini nahifadhi kitabu cha kale cha umeme na sumaku, hali kina makosa. Kweli kinayo, na mchwa wamekionja pia. Chafundisha kuwa nuru hupita ndani ya etha. Baadaye, mwaka 1887, Michelson na Morley waliitafuta etha hiyo wasiione. Lakini kanuni ya Faraday ya mwaka 1831 imo humo, na ndiyo iendeshayo transfoma za kituo chetu cha umeme wa jua kilichozinduliwa mwaka 2019.

Je, mwandishi alikuwa mwongo? Mwongo huijua kweli akaificha. Huyu aliandika alichokiamini. Nitamhukumu kwa haki gani, mimi niliyezaliwa baada ya jibu kupatikana? Sijui ni ukurasa upi wa kitabu ninachowafundishia leo utakaochekwa na wajukuu wenu.