Lau ya Mcheza Gofu

Majuto ya mcheza gofu si kama ya mchezaji wa soka. Mpira wake umetulia chini. Hakuna beki anayeukimbilia, na wakati wa kuupiga anauchagua mwenyewe. Akikosa shimo lililo hatua moja mbele yake, hana refa wa kumlaumu. Ndiyo maana baada ya raundi mbaya neno linalobaki mdomoni ni moja tu: ningaliweza. Ni neno la ajabu. Mtu amejaribu, ameshindwa, na bado anashikilia kwamba jambo lile lilikuwa ndani ya uwezo wake.

Kisa kinachotajwa sana ni cha Mmarekani Doug Sanders katika mashindano ya The Open huko St Andrews, Scotland, mwaka 1970. Alifika shimo la 18, la mwisho, akihitaji mikwaju minne ili amshinde Jack Nicklaus kwa mkwaju mmoja. Mitatu ilipokwisha, mpira ulikuwa umebakiza chini ya mita moja. Sanders akajipanga, akasimama juu ya mpira, kisha akaona kitu kwenye njia yake, akadhani ni changarawe. Akainama kukiondoa huku miguu ikiwa pale pale. Kumbe ni nyasi iliyobadilika rangi. Badala ya kurudi nyuma na kuanza upya, alinyanyuka akapiga, na mpira ukapita kulia kwa shimo. Wakalingana kwa mikwaju 283. Kesho yake wakarudiana mashimo 18, Nicklaus akapata 72, Sanders 73.

Je, Sanders aliweza kuutia mpira ule? Mwanafalsafa Mwingereza G. E. Moore, katika kitabu chake Ethics cha mwaka 1912, alipendekeza kwamba kusema mtu angaliweza kufanya jambo mara nyingi ni sawa na kusema angalilifanya kama angaliamua. Maelezo hayo yanamfaa mcheza gofu Hale Irwin. Mwaka 1983, katika raundi ya tatu ya The Open huko Royal Birkdale, mpira wake ulikuwa inchi chache tu kutoka shimoni. Akanyoosha fimbo kivivu kuugusa, na fimbo ikaukosa kabisa. Mkwaju ule ukahesabiwa, na mwishoni alipitwa na Tom Watson kwa mkwaju mmoja. Kama angalijali, angalifunga. Hapo hakuna fumbo.

Lakini Sanders alijali kuliko mtu yeyote uwanjani siku ile. Alitaka, aliamua, alijaribu. Mwanafalsafa J. L. Austin wa Oxford aliliona tatizo hili miaka 14 kabla, katika mhadhara wake wa mwaka 1956 kwa British Academy. Katika tanbihi moja alitoa mfano wa mtu anayekosa mkwaju mfupi mno na kujikasirikia. Mtu huyo, alisema, hazungumzii hali tofauti wala juhudi zaidi. Anazungumzia hali ilivyokuwa hasa, na anadai kwamba aliweza. Sehemu ya hoja ya Austin ni ya sarufi: Kiingereza hutumia maneno yale yale kwa uwezo uliokuwepo na kwa uwezo wenye sharti. Kiswahili kimeshavitenga. “Ningaliweza” inasubiri “kama” ifuate. “Niliweza” haisubiri kitu. Mcheza gofu hutamka la kwanza, lakini anachomaanisha ni la pili.

Anayeamini kwamba kila tokeo lina sababu inayolilazimisha atajibu kuwa lazima kulikuwa na kitu, upepo au mshtuko wa msuli, kilichomfanya Sanders asiweze. Austin alikubali kuwa imani ya kisayansi inaweza kutufikisha huko, ila imani hiyo haimo katika neno “kuweza” lenyewe. Uwezo wa binadamu, kama watu walivyouelewa siku zote, ni kitu kinachoweza kushindwa mara moja moja bila kukoma kuwa uwezo. Jibu hili lina nguvu: fundi hodari anayeharibu ubao mmoja hageuki asiyejua kazi kwa dakika ile.

Dini inauliza swali tofauti: si kama aliweza, bali kama anafaa kuendelea kusema hivyo. Katika hadithi iliyomo kwenye Sahihi Muslim, Mtume Muhammad anamkataza aliyepatwa na jambo kusema lau angalifanya hivi au vile, kwa kuwa “lau” hufungua kazi ya shetani. Aseme badala yake kwamba ndivyo Mungu alivyokadiria. Wapo wanaoisoma kama ruhusa ya kukaa na kungoja kadari. Wanasahau mwanzo wake, unaomwamuru muumini apanie lenye manufaa, aombe msaada wa Mungu na asilegee. Juhudi ni za kabla ya tukio. Kinachozuiwa ni kurudi nyuma kwa mawazo na kuupiga tena mpira ambao hauko tena.

Hata hivyo si kila lau ni ya aina moja. Lau Sanders angalirudi nyuma baada ya kuinama: hiyo inamfundisha la kufanya kesho. Lau mpira usingalikwenda kulia: hiyo haina la kumpa. Mwanafalsafa Bernard Williams, mwaka 1976, aliandika kuhusu majuto ya mtenda, yale ya dereva aliyemgonga mtoto pasipo kosa lake. Kwa maoni yake majuto hayo si makosa ya hesabu, na tungemshangaa dereva ambaye hakuyahisi. Mkwaju uliokosa ni jambo dogo sana kando ya hilo, lakini uzi ni ule ule: tendo ni lako hata kama lawama si yako.

Sanders alishinda mashindano 20 ya PGA Tour na hakuwahi kutwaa hata moja kati ya manne makubwa. Alipoulizwa uzeeni kama bado huufikiria mkwaju ule, alikuwa akijibu kwa mzaha kwamba wakati mwingine hupita dakika tano nzima bila kumjia akilini.