Likizo Ni Haki ya Nani?



Kila shule zifungwapo, sisi watu wa pwani tufanyao kazi Nairobi, tukaao Pumwani, Kaloleni na Eastleigh, hufunga mizigo tukarudi makwetu. Wengi wetu tumeacha wake na watoto Mombasa na Lamu. Tangu mwaka 2017 treni ya reli mpya hutufikisha Mombasa kwa saa chache tu. Mwili hufika, moyo hubaki kazini.

Nasema haya nikianza na nafsi yangu. Siku moja ya likizo nilikuwa barazani nikijibu mambo ya ofisini kwa simu. Mwanangu akaja na juzuu yake, anisomee sura aliyoihifadhi. Nikamwambia, "Ngoja kidogo." Akangoja mpaka adhana ya magharibi. Kesho yake alimsomea nyanyake.

Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi likizo ya mshahara isiyopungua siku 21 za kazi kila mwaka. Mwajiri ameshazitoa siku hizo. Zikimrudia kwa mlango wa nyuma, zimetoka katika fungu la nani? (Lakini aliyeondoka akaacha kazi nusunusu asinung'unike akitafutwa, mkataba nao ni ahadi.)

Kisa cha Salman na Abu Dardaa chajulikana. Salman alimkuta mke wa nduguye amejiacha, kwani mume alishughulika na kufunga mchana na kusimama usiku. Akamkumbusha kuwa Mola ana haki, nafsi ina haki, na watu wa nyumbani wana haki, na Mtume (S.A.W.) akamsadikisha. Ikiwa ibada ya sunna haikuwa udhuru wa kumsahau mke, zitakuwaje udhuru hesabu za duka la mtu?

Na liko jingine tusilopenda kuambiwa. Mume arudipo, wageni huja makundi kwa makundi. Yeye yu barazani na kahawa, mke yu jikoni tangu alfajiri akikuna nazi. Livu ya mume imekuwa msimu wa kazi kwa mke! Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa akiwahudumia watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka. Wala hatukusikia kuwa heshima yake ilipungua.

Mwanangu sasa anahifadhi Suratul-Mulk. Safari hii simu ya kazi nimeiacha Pumwani, sandukuni.