Nahodha Aliyekaa Benchi



Mashabiki wa Arsenal wa siku nyingi wanamkumbuka Oleh Luzhny, beki wa kulia mzaliwa wa Lviv, Ukraine. Kwao alikuwa nahodha wa Dynamo Kyiv na wa timu ya taifa. Chini ya kocha Valeriy Lobanovskyi, Dynamo waliifunga Barcelona 4-0 ugenini mwaka 1997, na mwaka 1999 wakafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mwaka huohuo, akikaribia miaka 31, Luzhny akahamia Arsenal, London.

Huko alikuta namba yake ina mwenyewe. Kwanza alikuwa Lee Dixon, kisha Lauren. Mtu aliyezoea kuvaa kitambaa cha unahodha sasa mara nyingi alianzia benchi.

Mei 17, 2003, Arsenal walicheza fainali ya Kombe la FA na Southampton mjini Cardiff. Beki wa kati Sol Campbell alikuwa anatumikia adhabu ya kadi nyekundu. Kocha Arsène Wenger akampanga Luzhny katikati, pamoja na Martin Keown. Southampton hawakupata bao. Robert Pires alifunga moja, kombe likapatikana. Mwaka huo Luzhny akaenda Wolverhampton, na baadaye akamalizia soka lake Latvia.

Mchezaji aliyesusa mazoezi kwa sababu hapangwi hawezi kuaminiwa siku ya fainali.

Katika Biblia, Barnaba naye alipita njia hiyo ya kupitwa na mwingine. Ndiye aliyemfuata Sauli Tarso na kumleta Antiokia. Mwanzoni Matendo ya Mitume humtaja Barnaba kwanza, kisha Sauli. Baadaye jina la Sauli, aitwaye pia Paulo, linatangulia. Barnaba hakususa. Aliendelea kuhubiri.

Ndugu yangu, huenda ulikuwa mwenyekiti wa jumuiya au mwalimu wa kwaya, na leo kiti hicho kina mwingine. Huenda umehamia mji ambako hakuna anayejua ulikotoka wala ulichokifanya. Usikae pembeni na kinyongo. Cheo ni dhamana, hurudishwa. Wito wa kumtumikia Mungu haustaafu. Wiki hii nenda kwa aliyeshika nafasi yako, umwambie, "Nipo, nitume."

Tuombe: Ee Bwana, utuondolee uchungu wa kupitwa, utupe moyo wa kutumika popote utakapotupanga. Amina.