Mnyororo wa Nyumba na Deni la Ahadi

Ahadi ni deni, walisema wahenga. Tangu utotoni nimeisikia methali hiyo kwa wazazi, kwa walimu, na hata kwa watu ambao wenyewe walikuwa na madeni yasiyolipika. Lakini kuna swali moja ambalo methali hiyo hailijibu, nami sikupata kujiuliza mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye mvi. Ikiwa ahadi ni deni, mwenye kunidai ni nani? Je, ni yule tu niliyempa neno langu, au wapo na wengine nyuma yake ambao sijapata kuwaona?

Swali hilo lilinifika mwaka 2014 mjini Northampton, huku Uingereza ninakoishi, tulipouza nyumba moja na kununua nyingine.

Sina budi kwanza kumweleza msomaji jinsi nyumba zinavyouzwa huku. Watu wengi hawana fedha za kununua nyumba mpya kabla ya kuuza ya zamani. Kwa hiyo anayetaka kuhama hutafuta mnunuzi wa nyumba yake, na wakati uo huo hutafuta nyumba ya kununua. Yule anayemuuzia naye anatafuta yake, na wa tatu vivyo hivyo. Mwisho hutokea safu ya watu ambao kila mmoja amemshika mwenziwe mkono, na hakuna awezaye kupiga hatua mpaka wote wapige hatua siku moja. Wenyewe huiita safu hiyo mnyororo. Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki hatulisikii neno mnyororo kwa raha, maana lina kumbukumbu zake. Lakini baada ya kukaa ndani yake miezi mitano, naona jina walilolichagua lafaa.

Wetu ulikuwa na kaya tano. Chini kabisa walikuwapo vijana wawili, mke na mume, waliokuwa wakiishi katika chumba cha kupanga na kununua nyumba kwa mara ya kwanza maishani mwao. Hao ndio walionunua yetu. Sisi tulinunua ya mwalimu mmoja, mwalimu akanunua ya familia yenye watoto wanne, na familia ile ikanunua ya bibi kizee mjane aliyekuwa akihamia kwa binti yake. Yeye hakuwa na nyumba ya kununua, na hapo ndipo mnyororo ulipokomea.

Sasa lipo jambo moja la sheria ambalo ndilo kiini cha maneno yangu. Uingereza na Wales, mtu akikubali bei ya nyumba yake, kukubali huko hakumfungi. Sheria ya mwaka 1989 yataka mkataba wa kuuza ardhi au nyumba uwe wa maandishi na utiwe saini na pande zote mbili. Mpaka mawakili wabadilishane mikataba hiyo na mnunuzi aweke arbuni, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei, muuzaji aweza kughairi, na mnunuzi aweza kughairi, bila kutoa sababu na bila kulipa fidia. Kati ya siku ya kukubaliana na siku ya mikataba huweza kupita miezi. Katika miezi hiyo watu hulipa mkaguzi wa majengo, hulipa wakili, huomba mkopo benki, na fedha hizo hazirudi mmoja akiuvunja mnyororo.

Tuliishi roho mkononi. Simu ikilia wakati wa chakula, kijiko kilibaki hewani. Vitabu vilikuwa ndani ya maboksi, na watoto waliuliza kila jioni kama kesho ndiyo siku ya kuhama. Bibi kizee wa juu aliahirisha mara mbili, na madalali wakaanza kumwita "tatizo la juu". Nami nilimwita hivyo hivyo, tena kwa hasira, mtu ambaye sikupata hata kuuona uso wake. Baadaye sana tukaambiwa alikuwa akishindwa kuifungua karakana ya marehemu mumewe, kwa kuwa vifaa vilikuwa bado mezani kama alivyoviacha. Hilo nalo linanifundisha kitu: ndani ya mnyororo binadamu hugeuka pingili. Ukimwona mwenzako kuwa pingili, hukawii kumfanyia usiyoweza kumfanyia mtu.

Nasi tulikuwa karibu kufika. Zilibaki kama wiki mbili hivi. Ndipo mkaguzi wetu akaleta taarifa kwamba paa la nyumba ya mwalimu limechakaa, na kulitengeneza kungegharimu pauni 4,000. Tukamwomba mwalimu apunguze bei. Akakataa, na sikuweza kumlaumu. Naye juu yake alikuwa amebanwa vivyo hivyo, hana pa kupunguza.

Siku tatu baadaye dalali wetu akapiga simu. Amejitokeza mtu mwingine, akasema, anayeitaka nyumba yenu kwa pauni 9,000 zaidi ya vijana wale. Sikumwona dalali kuwa mbaya. Sheria inamlazimu kumfikishia mwenye nyumba kila bei inayotolewa, isipokuwa mwenyewe awe amemwandikia kwamba hataki kuletewa nyingine. Nami sikuwa nimeandika. Ningeweza kumjibu papo hapo kwamba nyumba imekwisha. Badala yake nikasema, "Nipe mpaka Jumatatu nifikiri."

Mke wangu alikuwa amesimama jikoni, akisikia.

"Mume wangu, wale watoto tumewapa neno," alisema.

"Sijalivunja neno. Nimeomba siku mbili tu za kufikiri."

"Anayeomba siku mbili amekwisha kulivunja nusu."

Nikamjibu kwa ukali usiostahili, nikamtajia paa. Nikasema mimi sina tamaa, mimi naogopa tu. Kwamba hatuna pauni 4,000, kwamba watoto wetu hawawezi kulala chini ya paa linalovuja. Na kweli niliogopa. Tangu siku hiyo sipendi kusikia watu wakisema kwamba mabaya ya dunia yanatokana na tamaa. Mengi hutokana na hofu ya watu wema. Mwenye tamaa walau anajijua. Mwenye hofu hujiona yeye ndiye aliyeonewa.

Jumatatu haikufika bado, vijana wale walikwisha kupata habari. Kijana wa kike alikwenda kwa mama yake, akakopa, na dalali akaniletea bei yao mpya: wameongeza pauni 4,000, hawana zaidi. Nikakubali. Tena nikajiona muungwana. Nimeacha 5,000 za yule mwingine, nikajisemea, kwa ajili ya kuwatunza hawa.

Siku ya kuhama ni siku ya ajabu. Fedha huanza chini ya mnyororo na kupanda: wakili wa wale vijana humpelekea wakili wetu, wakili wetu humpelekea wa mwalimu, na kuendelea mpaka juu kwa bibi kizee, na kila zinapofika, ufunguo mmoja hutolewa. Magari ya vyombo husimama barabarani yakisubiri. Saa sita mchana tulikuwa tunatoa kitanda cha mwisho, wale vijana walipofika pamoja na mama wa binti. Alikuwa mfanyakazi wa usafi hospitalini, na alikuja moja kwa moja kutoka kazini akiwa bado na sare. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema, "Asante sana kwa kulishika neno lako. Tuliogopa ungewaacha watoto wangu. Wengine wasingefanya ulivyofanya."

Msomaji, nimetukanwa mara nyingi maishani, na hakuna tusi lililonichoma kama shukrani ile.

Nimelifikiri jambo hilo miaka yote hii, na hesabu yake ni nyepesi. Paa lilikuwa la mwalimu. Gharama yake ilishuka kutoka kwa mwalimu ikaja kwangu, mimi nikaiteremsha kwa vijana, vijana wakaiteremsha kwa mama yao, na pale ikakoma, kwa kuwa chini yake hapakuwa na mtu mwingine. Mama yule alilipia paa la nyumba ambayo binti yake hatalala ndani yake hata usiku mmoja. Hakuna aliyevunja sheria. Hakuna hata aliyesema uongo. Kila mmoja alimpitishia tu mwenziwe kilichompata, na mzigo ukamwangukia mwenye mabega membamba kuliko wote.

Ipo rai kwamba kosa ni la sheria. Uskoti, jirani wa hapa hapa, mawakili wa pande mbili huandikiana barua za makubaliano, na barua zikikamilika watu wamefungika mapema zaidi. Huenda ni utaratibu bora. Lakini siwezi kuitupia sheria lawama yote, maana uhuru ule wa kughairi una faida yake. Ndio unaompa mnunuzi muda wa kumwita mkaguzi kabla hajafungwa na nyumba mbovu, na unamwokoa muuzaji asije akauza kwake kabla hajapata pa kwenda. Sheria imeacha uwazi kwa makusudi. Uwazi huo haukai mtupu. Hujazwa na tabia ya mtu. Mimi niliingia ndani yake nikaona kwamba hapana askari, na nikafanya kama mtu anayeona kwamba hapana askari.

Wala sisemi haya ili kuisifu nyumbani. Marehemu baba yangu aliuza nyumba yake ya Tanga mwaka 1979, mbele ya mjumbe na majirani wawili. Fedha zilihesabiwa juu ya mkeka, akasema, "Nimeuza," basi. Jioni ile akaja mtu na bei kubwa zaidi. Baba akamkaribisha kahawa, akamwambia, "Umechelewa, ndugu yangu. Neno limeshatoka." Nimeisimulia hadithi hiyo kwa majivuno mara nyingi. Lakini Dar es Salaam nako nani asiyejua kisa cha kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili, na mashahidi wapo, na karatasi zipo? Mkeka na mashahidi havikumfanya baba kuwa mwaminifu. Vilimkuta tayari ni mwaminifu.

Basi nirudi kwenye swali langu: mwenye kunidai ahadi ni nani? Zamani ningejibu kwamba ni yule niliyemwahidi. Leo nasema ni kila mtu ambaye neno langu likitikisika naye hutikisika, hata kama simjui jina. Nilimpa neno kijana, lakini aliyelilipia ni mama yake. Nilimkasirikia bibi kizee kwa kutusubirisha, nami nikawasubirisha wengine siku mbili ambazo nina hakika hawakulala.

Na tena nasema kwamba katika kila mnyororo, uwe wa nyumba, wa kazi, au wa ukoo, lazima apatikane mtu wa kusema, "Mzigo huu ukomee kwangu." Si lazima awe tajiri. Mimi ningeweza kulitengeneza paa kidogo kidogo kwa mwaka mmoja, kwa kuweka ndoo chini ya dari na kuahirisha safari ya nyumbani. Ingeniuma, lakini nisingekufa. Nililiona hilo baada ya miezi mitatu tu, mishahara miwili ilipotulia. Hofu ilikuwa imeniambia vingine.

Mke wangu alinishauri niwarudishie fedha zile. Kwa muda mrefu nilikuwa na sababu: kwanza fanicha, kisha ada, kisha aibu ya kubisha hodi kwenye mlango uliokuwa wangu. Mwaka wa pili nilikwenda na bahasha. Nyumba ilikuwa na pazia jingine. Walikuwa wamehama, na waliokuwamo hawakujua walikokwenda.

Ewe ndugu unayekaribia kuuza au kununua, siwezi kukushauri juu ya bei, wala riba, wala wakili. Nakuomba kitu kimoja tu. Siku ya kutoa neno lako, kabla hofu haijafika, mwandikie dalali asikuletee bei nyingine.

Paa letu halivuji. Mafundi waliifanya kazi yao vizuri. Mvua ya usiku ikianza kunyesha, mke wangu hulala fofofo, mimi huwa macho, nikilisikiliza.