Mshale Unalala Wapi?

Upinde wa kiwandani una kiegemeo cha plastiki au chuma. Ndipo mshale unapolala kabla ya kuruka. Skrubu ikilegea, shabaha imekwenda. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hawana kitu hicho: mshale wanaulaza juu ya mkono, na unyoya usipofungwa vizuri utakuchana kidole.

Vijiweni Usangi utasikia: heri mkono, maana anayeua lazima ahisi. Sawa, lakini mnyama je? Yeye afadhali chuma kilichotulia, afe mara moja, kuliko mkono unaotetemeka umwache akivuja damu porini.

Skrubu ikilegea utaikaza. Mkono ukitetemeka, ni dhamiri tu itakayokwambia: usiachie. Unaisikiliza?