Utani, Klabu na Ujirani Mwema

Miongoni mwa maneno tuliyorithi kwa wahenga wetu na kuyapeleka katika viwanja vya michezo, hapana lililoenea kuliko neno utani. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na kila mtoto wa shule aweza kueleza maana ya jina hilo: kwamba timu hizo mbili hushindana, na mashabiki wake huchekana. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini ni nusu tu ya maana. Katika insha hii twataka kuitafuta nusu ya pili, na kujiuliza: ni nani aliye na haki ya kumcheka jirani yake, na haki hiyo huipata wapi?

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi klabu hizi zilivyoingia katika maisha ya mitaa yetu. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba, ambayo hadi mwaka 1971 ilijulikana kwa jina la Sunderland, ilianzishwa mwaka 1936. Dar es Salaam ya wakati huo wa ukoloni ilikuwa ikipokea watu kutoka kila upande: makuli wa bandarini, matarishi, mafundi na wachuuzi. Mtu aliyewaacha ndugu zake Songea au Tabora alihitaji watu wa kumtambua, wa kumkopesha, wa kumuuguza na, siku yake ikifika, wa kumzika. Vyama vya ngoma vilikuwa vimekwisha kuonyesha njia. Wacheza beni, waliogawanyika katika Marini na Arinoti, walishindana kwa mavazi, kwa tarumbeta na kwa nyimbo za kejeli. Lakini chama kile kile ndicho kilichomsaidia mwanachama katika ugonjwa na msiba. Klabu za mpira ziliwakuta watu waliokwisha kuizoea desturi hiyo.

Hata leo, katika vitongoji kama Magomeni, Temeke na Kinondoni, klabu haiishi uwanjani tu. Huishi barazani penye bao na drafti, kwa kinyozi, katika tawi lenye bendera mlangoni, na katika kiwanja cha vumbi ambapo watoto hucheza chandimu. Ndani ya nyumba moja utamkuta mwenye nyumba ni wa Jangwani na mpangaji wake ni wa Msimbazi, nao wanatumia ua mmoja, bomba moja na, aghalabu, chumvi moja.

Mtaani petu tulishuhudia jambo ambalo halijatutoka moyoni. Siku moja watani hao walicheza, na timu moja ikafungwa. Jioni vijana wa upande ulioshinda walipita mtaani kwa ngoma na vuvuzela, wamebeba sanduku lililofunikwa rangi za timu iliyoshindwa, huku wakilia kilio cha uongo mfano wa wafiwa. Msafara ulipita mbele ya nyumba ambayo adhuhuri ile ilikuwa imefiwa na mzee wake, naye alikuwa mshabiki wa miaka mingi wa timu iliyofungwa. Baadhi ya vijana walikuwa na habari ya msiba, lakini hawakunyamaza. Mjane alikuwa ndani, ameketi mkekani, akisikia kilio cha mzaha kikipita juu ya kilio chake cha kweli. Nasi tuliokuwa barazani hatuna udhuru, kwa kuwa tulikuwa tumekwenda kutoa pole kwa muda mfupi, tukarudi kusikiliza mpira. Sanduku lilipotokea tulicheka, na kicheko chetu kilikatika kwa kuchelewa.

Kesho yake, wa kwanza kufika makaburini, jembe begani, alikuwa mzee mwingine wa upande ulioshinda. Kwa zaidi ya miaka thelathini mzee huyo hakupata kuamkiana na marehemu pasipo kumkejeli. Alichimba mpaka kanzu ikalowa jasho. Jeneza lilipowasili, alisimama mbele yake akazuia njia kwa mikono yote miwili, akasema: “Huyu hapiti! Jana kafungwa, leo anakimbia. Kahawa yangu atanilipa nani?” Mtoto wa marehemu, machozi yakimtiririka, alicheka, akatoa sarafu akampa. Mzee akaipokea, akaitia mfukoni, kisha akashuka kaburini kumpokea mtani wake.

Hapa ndipo lilipo swali letu. Mizaha yote miwili ilihusu kifo. Yote miwili ilitoka upande mmoja na kumwelekea mtu yule yule, katika muda wa siku moja. Kwa nini wa kwanza ulijeruhi na wa pili ukaponya? Haitoshi kusema kwamba vijana walipiga kelele ilhali mzee alisema kwa upole. Maneno ya mzee, tukiyaandika karatasini, ni makali kuliko ngoma za vijana, kwani alimcheka maiti mbele ya mwanawe. Basi tofauti haimo katika maneno. Imo katika mikono iliyoshika jembe.

Wazee wetu waliijua tofauti hii. Wazaramo na Wanyamwezi waliingia katika utani kutokana na safari za misafara iliyotoka bara kwenda pwani. Wangoni na Wahehe waliupata baada ya vita walivyopigana katika karne ya 19. Mtani aliweza kumtukana mwenzake hadharani, hata kumchukulia kuku wake, na mwenye kuku asikasirike. Lakini mtani huyo huyo ndiye aliyezishika kazi za msiba ambazo wafiwa, kwa uchungu wao, wasingeziweza. Watani walikuwa watu wa kufa na kuzikana. Ruhusa ya kucheka ilikuwa malipo ya wajibu, na asiyeutimiza wajibu hakuwa mtani bali mchokozi.

Wako wanaosema kwamba mtu mzima hapaswi kujishughulisha na mpira, na kwamba dawa ni kuuacha ushabiki. Hatukubaliani nao. Mtaa wenye watu wa makabila mengi, wasio na ukoo mmoja, wahitaji jambo la kuwafanya wasalimiane kila asubuhi, na kejeli ya mpira ni salamu pia. Wengine husema kwamba klabu kubwa za leo ni mambo ya fedha nyingi, wachezaji wake hutoka nchi za mbali, na kwa hiyo si haki kuzidai utu wa mtaani. Jawabu letu ni kwamba hatuzidai klabu. Twajidai sisi wenyewe. Usajili wa wachezaji haumo mikononi mwetu, lakini jembe limo.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Hawakukataza mzaha, walionya juu ya mzaha usio na mwangalizi, na mwangalizi wa utani ni ule wajibu. Basi twawaomba walimu, mabweni na madarasa yanaposhindana na wanafunzi kuchekana, wawaulize waliocheka: yule mliyemcheka akiugua usiku huu, nani kati yenu atamchukulia maji? Atakayenyosha mkono kwa moyo mkunjufu, na aendelee kucheka.

Siku ile makaburini walikuwapo vijana watatu kati ya wale waliobeba sanduku. Walisimama mbali kidogo, wakimtazama mzee akipanda kutoka kaburini kwa taabu. Hakuwaambia neno. Mmoja wao alisogea, akalichukua jembe lililokuwa chini, akaanza kufukia, wawili wakamfuata. Nasi wa barazani tukaona haya, tukasogea pia.