Mbwa wa Nyumbani na Mtungi wa Jirani

Wazazi wawili watatu wameniuliza neno ambalo nalidhani ni dogo: Je, yafaa kumwachia mtoto afuge mbwa, au paka, au tumbili, kwa furaha yake tu? Nalikuwa tayari kujibu upesi, kama tujibuvyo mambo ya watoto. Lakini kabla sijajibu, neno hilo hilo lilinipata nyumbani kwangu hapa Ruangwa, nami nalieleza bila kulificha, maana kosa lilikuwa langu.

Mwanangu, mwenye umri wa miaka 9, alipewa mtoto wa mbwa na mwindaji mmoja wa upande wa mashamba. Akaja naye amemviringisha katika kanga ya mama yake, akitetemeka kwa furaha. Nikakubali. Mihogo yetu huliwa na nguruwe mwitu, na nyani hawatuachii mahindi, nikajiambia, Mbwa huyu atatufaa. Sikumwuliza mama yake nani atampikia uji, wala sikumwuliza jirani lo lote.

Jirani yangu wa upande wa mashariki ni mzee Mwislamu, na uwanja wake na wetu hautengwi kwa ua. Karibu na mlango wake hukaa mtungi wa maji ya udhu. Asubuhi moja mbwa wetu, ambaye sasa alikuwa amekua, akaenda akanywa katika mtungi ule. Mzee akamwona. Hakupiga kelele wala hakurusha jiwe. Aliumwaga mtungi, akauweka kando, na mjukuu wake wa kike akachukua ndoo, akarudi kisimani alikotoka muda si mrefu. Aliporudi, mzee akauosha mtungi mara moja kwa udongo na mara sita kwa maji matupu. Ilikuwa mwezi wa Oktoba, na watu wa huku wajua kisima cha Oktoba kilivyo. Mwanangu alitazama tangu mwanzo hata mwisho. Jioni akaniuliza, “Baba, mbwa wetu ni mbaya?”

Nalijibu vibaya. Nalisema, “Si mbaya. Ni dini ya mzee tu ndiyo isemayo hivyo.” Sikusema uongo, lakini neno lile “tu” lilifanya kazi yake. Kesho yake nalimsikia mtoto akimwambia mwenziwe kwamba watu wa nyumba ile huogopa ulimi wa mbwa kama watu waogopavyo nyoka, nao wakacheka. Hapo nikafahamu kwamba nimempa mwanangu kitu cha kumdharau mzee, tena mzee aliyekuwa akimpa embe kila msimu.

Sisi Wakristo twapenda kusema kwamba sheria za najisi hazitufungi, na twakumbuka maono ya Petro katika Matendo ya Mitume, mlango wa 10. Ni kweli. Walakini Mtume Paulo, aliyeutetea uhuru huo kuliko wote, katika Warumi 14 auliza habari za ndugu ambaye chakula chetu chamhuzunisha, naye hauoni uhuru kuwa sababu ya kutomjali. Najua Paulo asema juu ya ndugu wa kanisa, wala si juu ya jirani wa dini nyingine. Lakini sidhani mtu aweza kumheshimu ndugu mezani na kumdharau jirani kisimani, akabaki na moyo mmoja.

Tena nalitambua kwamba mwanangu alikuwa na mbwa watatu katika kichwa chake, wala hakuna aliyewatenganisha. Wa kwanza ni mbwa wa picha za simu, ambaye hulala kitandani, huvikwa nguo, na kubusiwa kinywani. Ndiyo sababu mtoto alitaka kumlaza mbwa juu ya mkeka wake. Wa pili ni mbwa niliyemjua mimi nyumbani kwa baba yangu: alilinda shamba, alifuata wawindaji, alilala nje, alikula watu wakiisha kula, wala hakupigwa bure. Wa tatu ni mbwa wa jirani zetu Waislamu, ambao wengi wao hapa kwetu hufuata madhehebu ya Shafii. Kwao mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokirambia huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini kumfuga kwa kuwinda, kwa kuchunga na kwa kulinda shamba kumeruhusiwa. Neno hili la mwisho wengi wetu hatulijui, nasi twaishi nao tangu utoto.

Mtoto asipoelezwa mambo haya huchagua lile la simu, kwa kuwa ndilo lipendezalo, au hufuata lile la nyumba yake na kuwahesabu wengine wajinga. Katika nchi hii yetu ya kusini walikuwapo watu waliopima desturi kwa uangalifu zaidi. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Kianglikana wa Masasi tangu 1926 hata 1944, hakuitupa jando yote kama wengine walivyotaka, wala hakuipokea yote. Yeye pamoja na makasisi Waafrika walitafuta lipi laweza kukaa pamoja na Injili, na lipi haliwezi. Si wote waliokubali walivyoamua. Lakini waliketi wakauliza kila desturi inafanya kazi gani kwa watu wake. Mimi kwa habari ya mbwa mmoja sikuketi hata dakika tano.

Basi nalimchukua mtoto, tukaenda kwa mzee. Nikasema, “Mzee, shikamoo. Nimekuja kuomba radhi kwa ajili ya mtungi.” Akajibu, “Marahaba, Mchungaji. Maji yalikwisha kumwagika, karibuni mketi.” Nikataka kumnunulia mtungi mpya, akakataa, akisema wa zamani umekwisha kutakata. Kisha akamgeukia mtoto akamwuliza, “Mjukuu wangu, wataka kuniuliza neno?” Mtoto akauliza lile lile: mbwa wake ni mbaya?

Mzee hakumjibu kwa sheria. Alimsimulia habari wanayofundishwa Waislamu, ya mtu aliyeshuka kisimani akanywa, na alipopanda akamkuta mbwa anakula udongo wenye unyevu kwa kiu. Akashuka tena, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake. “Mbwa si mbaya,” akasema. “Mimi nikitaka kusali sitaki mate yake katika maji yangu. Akiwa na kiu nitampa maji katika chombo chake. Je, wewe umempa chombo chake?” Mtoto akanyamaza, na mimi nikanyamaza, kwa maana hatukuwa tumempa. Mbwa alikwenda mtungini kwa sababu ya kiu.

Neno hilo lilinichoma kuliko karipio. Nalidhani kesi ni ya dini mbili, kumbe ilianzia katika uzembe wa nyumba yangu. Mithali 12:10 yasema habari ya mwenye haki na uhai wa mnyama wake, nami nimeihubiri. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomdai mwenye mnyama amtunze. Mtoto aliyepewa mnyama asipewe na wajibu wake hujifunza kwamba kiumbe hai ni kitu cha kuchezea, nasi ndio tunaomfundisha.

Nikarudi nikitazama mambo mengine niliyoyaacha, nikaliona kubwa kuliko yote: mbwa wetu hakuwa amechanjwa. Usiku alikwenda porini apendako, na porini wako mbweha. Wachunguzi waliofuatilia kichaa cha mbwa katika mikoa yetu ya Lindi na Mtwara, tangu 2011 hata 2019, walikuta kwamba katika kila wanyama watano waliodhaniwa kuwa na ugonjwa huo, wawili hivi walikuwa mbweha. Mwenye mbwa asidhani basi kwamba yu salama kwa kuwa mbwa wa kijijini ni wachache. Ulimwenguni kote karibu watu wote wafao kwa kichaa hiki waliumwa na mbwa, na watoto ni wengi miongoni mwao, kwa kuwa mtoto hukimbia, huchokoza, na akiumwa huficha. Dalili zikiisha kutokea kwa mtu, hakuna dawa ya kutegemewa. Lakini kabla ya dalili iko njia, tangu Louis Pasteur alipomchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9, mwezi wa Julai 1885: jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku ile ile kwa sindano, asingoje kuona mbwa atafanya nini. Makatekista, nawaomba mliseme hili shuleni na baada ya ibada.

Na chanjo ya mbwa hufaa kweli. Kisiwani Pemba ugonjwa uliondolewa mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa, ukaingia tena 2016, nao wakachanja tena hata ukatoweka 2018. Wakazi wa Pemba karibu wote ni Waislamu. Wasiomgusa mbwa na wanaomfuga walifaidika pamoja.

Juu ya tumbili sina maneno mengi. Huletwa mdogo baada ya mama yake kuuawa shambani, watoto humcheka, kisha akikomaa huuma, naye huishi amefungwa kamba kiunoni hata afe. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kukamata mnyama wa porini bila kibali. Mtoto akimleta, apelekwe kwa maofisa wa wanyamapori, na mtoto aelezwe sababu, hata akilia.

Paka hana ugomvi na majirani zetu, naye huua panya. Mwenye nafasi ndogo na amfuge huyo, amchanje naye, kwa kuwa paka pia huweza kupata kichaa.

Sisi mbwa wetu tunaye bado. Amechanjwa na bwana mifugo, hufungwa usiku upande wa mihogo, na bakuli lake la bati mtoto hulijaza kabla hajaenda shuleni. Siku nyingine husahau, nami humwamsha. Mzee aliomba jambo moja tu, kwamba mtoto amsaidie mjukuu wake ndoo moja ya kisimani kila Jumamosi, hata mvua zinyeshe. Jumamosi ya kwanza alipoipeleka, yule binti alimwuliza mbwa aitwa nani, naye akasimama mbali kidogo akimwita kwa jina.